Herieth, mwanamke anayechuja utani wa daktari Mwingereza

Saa mbili asubuhi, benchi la nje limeshajaa. Ndani, katika kituo kidogo cha afya cha misheni kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, kata ya Ngumbo, Herieth Komba amesimama kati ya watu wawili wasioelewana lugha. Mmoja ni Dokta Alan, Mwingereza wa miaka thelathini na minne. Mwingine ni Alphonce, dereva wa malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, ameshika kiuno.

Daktari anamkagua mgongo, anaandika, kisha anasema jambo kwa Kiingereza. Uso mkavu, kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Anasema lori lako lilikuja hapa wiki iliyopita," Herieth anatafsiri, "likalalamika kuwa dereva ni mzito."

Alphonce anatoa macho. Kisha anacheka mpaka kiuno kinamkumbusha kilichomleta.

Anayefuata ni Mama Rukaiya, mwenye duka la vitenge. Anakohoa. Daktari anasema tena maneno, marefu kuliko ya kwanza, na Herieth anamgeukia mama.

"Daktari anasema pole sana."

Sicho alichosema daktari. Alisema alikisikia kikohozi hicho tangu akiwa kwake anakunywa chai, akadhani meli imefika. Mwandishi wa makala haya alicheka peke yake kwenye kona, akatazamwa vibaya.

"Kwa dereva nilijua itapita, yule ni mteja wetu wa siku nyingi," Herieth anaeleza baadaye. "Mama Rukaiya ndiyo mara yake ya kwanza. Ningemwambia hivyo, asingerudi."

Herieth ana miaka thelathini na minane. Ni mhudumu wa afya: husafisha vidonda, hupima watoto uzito, hufagia. Juu ya hayo, kwa miaka saba amekuwa mkalimani wa kila daktari mgeni, Kiingereza upande huu, Kiswahili au Kinyasa upande ule. Wagonjwa hufika arobaini kwa siku, na ukalimani haumo hata kwenye barua yake ya ajira.

Kiingereza alikiokota Mbinga mjini, jikoni kwa mwalimu mmoja mzee, mama Mwingereza aliyemwajiri kupika. Wiki ya kwanza aliunguza wali. Yule mama akaonja, akatafuna taratibu, akasema, "Naona leo tunakula makaa ya Ngaka."

"Nikaenda kufunga begi," Herieth anasimulia. "Nililia, jamani! Nikajua nimefukuzwa. Akanikuta mlangoni anashangaa, unakwenda wapi? Kumbe ndiyo alikuwa ananizoea. Asiyempenda alikuwa anamwambia asante tu, basi."

Ilimchukua mwaka mzima kuanza kucheka. Wengine hawafiki huko. Protasi, mpima damu wa kituo, amefanya kazi na Dokta Alan miaka miwili na hajacheka hata mara moja.

"Mtu akitania, acheke kwanza yeye, nijue njia," Protasi anasema. "Huyu anasema uongo, uso mkavu, ananitazama. Mimi nicheke nini?" Mdogo wake Protasi, aliyezaliwa nyumba hiyohiyo, akimsikia daktari huyo hana mbavu.

Herieth ana maelezo yake. Huku, anasema, utani una wenyewe: bibi na wajukuu, mashemeji, mabinamu. Mtu asiye wako akikutania amekutukana. "Wazungu wa kule wanatania ili wazoeane. Sisi tunazoeana kwanza. Sasa hapo katikati nimesimama mimi."

Machi mwaka jana alisimama vibaya. Bibi Gaudiosa, mkulima wa mihogo wa miaka sabini na mmoja, aliletwa kutoka kijiji cha Kihagara. Alikuwa na kisukari na kidonda cha jembe mguuni kilichoanza kunuka. Daktari alikagua, akasema, "Mguu huu umemchoka mwenyewe. Tukichelewa utaondoka bila kuaga."

Alikuwa mgonjwa wa thelathini na nane siku hiyo. Herieth, njaa inamuuma, aliyamimina maneno yote kwa Kinyasa, kama yalivyo.

Bibi alichukua fimbo yake, akatoka, akapanda pikipiki. Mlangoni alimwambia mwanawe aliyemleta, "Huyu mtu hanijui, simjui, ananitabiria mabaya."

"Yule daktari alikuwa anamwonea huruma, ndivyo anavyoona huruma," anasema Herieth. "Lakini aliyemtisha ni mimi. Kinywa kilikuwa changu. Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda."

Daktari alimwambia Herieth wazi: siku tano bila kusafishwa, mguu utakatwa gotini, au bibi atakufa. Siku ya tatu, siku yake ya mapumziko, Herieth alimchukua daktari wakaenda Kihagara. Njiani alimpa sharti moja: "Usiseme lolote zaidi ya shikamoo mpaka nimewaambia wewe ni nani wao."

Bibi walimkuta uani, mguu umefungwa kitenge. Daktari aliinama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akajibu, akitazama pembeni.

"Bibi, nimekuletea mjukuu wako," Herieth akasema. "Alikosa adabu, akaanza utani kabla hatujamtambulisha. Na mimi nikamsaidia kukosea. Utusamehe."

Bibi akamtazama yule kijana kuanzia viatu. Hapa kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na bibi ana haki ya kumkagua.

"Mume gani huyu, miguu kama korongo? Mimi nilisema nikiolewa tena ni mwenye ng'ombe."

Herieth alitafsiri. Daktari hakutabasamu. "Mwambie ng'ombe nilikuwa nao. Waliponiona vizuri wakaondoka."

Bibi alicheka mpaka akashikwa bega asianguke. Alipotulia, akauliza mguu ukoje, na daktari akajibu bila utani wowote: utapona, ila vidole viwili vitakatwa.

Mwanawe akaanza kulia.

"Nyamaza," bibi akamwambia, uso mkavu, akitazama vidole vyake. "Hao wawili walikuwa wavivu tangu zamani."

Alifanyiwa upasuaji siku iliyofuata. Sasa anatembea kwa fimbo na analima bustani nyuma ya nyumba.

Mkataba wa Dokta Alan unaisha Oktoba. Lakini Herieth hatakuwepo kumuaga: amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na chuo kinafunguliwa Septemba. Anaulizwa kwa nini aanze shule sasa, na watoto watatu nyumbani.

"Miaka saba nimesema maneno ya watu," anajibu, akivaa glavu. "Nikirudi, mgonjwa ataniuliza mimi, Herieth, je, nitapona? Na nitamjibu mwenyewe."