Pikapu Iliyokwama Njia ya Kilambo

Feliciano Namwaka alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na kwa mwaka mmoja na miezi minne alikuwa akijipikia mwenyewe. Mkewe, Carlota, alikuwa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, akimuuguza mama yake aliyepooza. Alipoondoka walikubaliana miezi mitatu. Nyumba yao ya Magomeni, mjini Mtwara, ilibaki na vitu vyake kama alivyoviacha. Kigoda alichokalia akikuna nazi kilikuwa palepale uani, na Feliciano akipita na ndoo ya maji alikizunguka, hakukisogeza.

Alijipatia riziki kwa kubeba mizigo kwa pikapu ya dizeli, mtumba kutoka Japani. Saruji, mihogo, magodoro ya watu wanaohama. Zilikuwa safari fupi fupi za mjini; injini haijashika moto vizuri, imeshazimwa. Na gari lile halikutaka hivyo. Ndani ya bomba la moshi lilikuwa na chujio la kukamata masizi, na masizi yale huungua yenyewe gari likienda mwendo mrefu bila kusimama. Fundi Mathayo alimweleza tangu siku alipolinunua: alipeleke barabara ya Lindi walau mara moja kwa wiki, na oili iwe ile maalumu ya magari yenye chujio, ibadilishwe kila kilomita elfu tano.

Aliyekumbuka hayo alikuwa Carlota. Siku ikifika alimwambia tu, "Baba Sonia, leo hubebi mzigo. Leo ni sevisi." Alipoondoka, hakukuwa na wa kusema. Oili ile ilikuwa ghali karibu mara mbili ya oili ya kawaida, na kila mwezi kulikuwa na dawa za mama mkwe. Feliciano akawa anasema mwezi ujao. Mara moja akaweka oili ya bei rahisi, na baada ya hapo hata hiyo hakuibadilisha. Taa ya njano ya onyo la chujio ilipowaka mbele yake, aliitazama siku mbili tatu, kisha akaizoea.

Mwezi wa nane Carlota akapiga simu. Dada yake angemshikia mgonjwa kwa siku moja. Angevuka asubuhi maji yakijaa, arudi jioni yakijaa tena, maana yakishakupwa katikati hapo boti hazipiti.

"Nataka kuiona nyumba yangu," alisema. "Hata kama ni kufagia tu uani, nirudi."

Feliciano alifua mashuka. Alinunua samaki, akampelekea jirani yao Hadija awapikie na wali wa nazi. Alfajiri akashika njia ya Kilambo, kwenye kivuko.

Nusu ya njia, akipandisha kilima, gari likaishiwa nguvu. Alikanyaga mafuta, halikuitika. Taa nyekundu ikawaka, injini ikazima. Alimpigia Mathayo, akamkuta chini ya uvungu wa lori la watu. Kisha akampigia mkewe, ambaye alikuwa ameshavuka.

"Nichukue bodaboda nije hapo ulipo?" Carlota aliuliza.

"Usisumbuke. Fundi yuko njiani. Nusu saa tu."

Mathayo alifika saa tano, amepakiwa kwenye pikipiki, mashine ya kupimia injini ikiwa mgongoni. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa.

"Oili imepanda juu ya alama," alisema. "Hii ni dizeli imeingia humu. Gari limejaribu kuchoma masizi, likashindwa, likajaribu tena. Umelitesa, mzee wangu."

"Huwezi kulitoboa hilo chujio tukaondoka? Wenzangu wametoboa."

"Nikitoboa leo, kompyuta italalamika kesho, na moshi wote watauvuta watu wa nyuma yako. Acha nikafuate oili. Nikiwasha na hii, injini itakufa."

Duka la kwanza halikuwa na oili ile. Feliciano alikaa ukingoni mwa barabara, akajibu simu za mkewe. Saa saba alisema nusu saa. Saa nane alisema linakaribia kuwaka. Alitaka sana iwe kweli, hata akawa anaamini.

Saa tisa Mathayo alirudi. Wakamwaga oili, wakasukuma gari mbali na nyasi kavu, mashine ikaamrisha injini ichome masizi. Ikanguruma palepale kwa dakika arobaini, joto la bomba likiwafukuza, harufu kali ikienea mpaka kwenye mikorosho. Kisha ikatulia. Mathayo akampiga Feliciano begani, akamwambia aende.

Alimkuta Carlota kwenye benchi la Anna, mama muuza chai wa pale kivukoni. Amekonda. Khanga aliyovaa hakuijua. Boti lilikuwa limeanza kupakia. Wakaingia kwenye gari, wakakaa, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukaa peke yao.

"Ulifanya sevisi lini?" Carlota aliuliza.

Carlota akamshika mkono, akaugeuza, akatazama oili iliyojaa kwenye kucha.

"Ungeniambia nipande bodaboda," alisema taratibu. "Ningekaa nawe hapo barabarani. Mimi nilikuja kukuona wewe."

Wakapata kama robo saa. Kisha Carlota akaitwa botini, akashuka.

Tangu siku hiyo Feliciano alifuata maneno ya Mathayo. Kila Jumapili alilipeleka gari barabara ya Lindi, akapita Mpapura na mikorosho yake, peke yake. Mwezi wa kumi na moja dada yake Carlota akapatikana tena kumshika mgonjwa. Feliciano alifika Kilambo boti halijaonekana. Lilipofika, abiria wakashuka wote, Carlota hayumo. Simu ikaita.

"Mama amezidiwa. Siwezi kutoka. Nisamehe, Baba Sonia."

Kwa muda wote ule Feliciano alikuwa akisema hawezi kuacha kazi amfuate mkewe. Sasa alitazama boti, akatazama gari.

"Mama Anna," alisema, akimkabidhi yule mama funguo, "gari hili naliacha hapa siku tatu."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mke wangu."

Akaenda dirisha la uhamiaji, akachukua kibali, akavua viatu na kuingia majini kulifuata boti.