Milango ya Zahanati

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, kabla ya kiharusi kumchukua, bibi mmoja mzee alikunywa chai amesimama, huku akigonga meza kwa kifundo cha kidole.

"Keti, mama," mumewe akamwambia. "Meza hii haina deni."

Hakucheka. Ndivyo alivyogonga milango ya watu enzi za kukopesha. Kila aliyeshindwa kulipa, alimwendea na fundi, mlango ukang'olewa, nyumba ikalala wazi. Sauti hakuipandisha kamwe. "Pole, mwanangu," alikuwa akisema, fundi akilegeza bawaba. Walimwita Mama Bawaba, naye akaitika.

Uzeeni alijenga zahanati ya bure, akaitia milango ile ile iliyojaa ghalani. Mbao nzuri, alisema, zisiozee bure. Miaka yote mumewe alikuwa akingoja kumsikia akiomba radhi, japo mara moja.

Asubuhi hiyo, baada ya chai, walikwenda pamoja kuifungua. Mama mmoja, mtoto wa homa mgongoni, akasita mlangoni, akainama kushika tundu lililotobolewa chini ya ubao.

"Huu mlango wangu," akasema. "Tundu hili la paka alilitoboa marehemu mume wangu. Mlipouchukua tulilala na mvua, na kaka yake huyu hakupona kile kifua. Siingii."

Mzee akatazama chini. Mkewe aliugonga ubao polepole, akausukuma ukafunguka, akasimama kando.

"Ni wako, kweli. Mwingize mtoto kwanza, mwanangu. Kunilaani, utanilaani ukitoka."