Hakuna Karatasi ya Kuninyang'anya

Ninatengeneza programu za telefone. Nilijifunza peke yangu kule Goma, kwa kuharibu na kuanza upya, na hakuna muntu aliyewahi kunipa mutihani. Chama cha wafugaji wa Masisi kiliponiita, kiliuliza tu kazi itamalizika lini.

Walitaka orodha ya ng'ombe. Kwetu ng'ombe za watu kumi zinachungwa pamoja kwenye kilima kimoja, na siku ya soko wachuuzi wanataka kujua ni nani mwenye haki ya kuuza. Kila ng'ombe niliiandika ndani ya programu pamoja na mwenyewe, yaani mwenye mali. Kubadilisha mwenyewe kulihitaji neno la siri. Kwanza niliweka namba. Wee! Wazee walizisahau, wakanipigia simu kutwa mpaka nikachoka kabisa. Njo nikaamua neno la siri liwe jina la ng'ombe yenyewe, maana hakuna mufugaji wa Masisi anayesahau jina la ng'ombe yake. Nilijiona mwerevu sana.

Sasa, jina la ng'ombe kule linaitwa kwa sauti asubuhi na jioni, linaimbwa wakati wa kukamua, na bonde zima linasikia. Mimi ni mutoto wa Mushaki, nimekulia ndani ya kelele hizo. Siku moja niko kwenye pikipiki jambo hilo lilinijia kichwani. Nikasema nitalitengeneza juma lijalo, halafu nikapata kazi nyingine.

Mujane mumoja wa Burungu alikuwa na ng'ombe moja tu, na maziwa yake njo yalikuwa yanalisha watoto wake wanne. Muntu mumoja alisikia jina la ile ng'ombe, akaingia ndani ya programu, akajiandika kuwa mwenyewe. Alionyesha telefone sokoni, akauza. Mujane alipopata habari, kamio, lori la muchuuzi, ilikuwa imeshaondoka na ng'ombe, na muuzaji amepotelea upande wa Walikale.

Tulikaa mbele ya shefu, mukubwa wa eneo, katika ofisi yake ya mbao. Muchuuzi aliyenunua ng'ombe alisema yeye aliamini telefone. Muchungaji wa kile kilima, aliyeitoa ng'ombe, alisema yeye pia aliamini telefone. Basi wote wakanigeukia. Daktari wa mifugo alisimama, amekasirika.

"Mimi nilidunga ndama dawa yenye kuharibika, ikakufa. Balinikamata karatasi yangu ya kazi mwaka muzima, sikugusa sindano. Shofere akigonga muntu, banamukamata permi yake ya kuendesha. Huyu batamukamata nini?"

Shefu aliniuliza, "Uko na karatasi ya hii kazi?"

"Hapana, Papa. Hakuna muntu mwenye kuitoa."

"Na sheria inasema nini juu yako?"

"Sijue, Papa."

Alimuuliza karani wake. Karani naye hakujua. Hakuna aliyeniuliza kama nililijua lile kosa kabla ya ng'ombe kuibiwa. Nilitazama viatu vyangu nikiomba wasiniulize. Niliona haya, kweli niliona haya, lakini mudomo wangu haukufunguka.

"Siwezi kukunyang'anya kitu hauna," shefu akasema mwishoni. "Enda."

Mujane alisimama, akafunga vizuri kitenge chake. "Papa Shefu, muchuuzi anaenda. Muchungaji anaenda. Huyu naye anaenda. Kumbe ni mimi peke yangu njo naazibiwa?"

Shefu alipanga karatasi zake mezani. Nilimusogelea, maana ilibidi muntu aseme kitu.

"Pole sana, Mama."

Alinitazama bila hasira, na hiyo ilinichoma zaidi.

"Hiyo pole," akasema, "batoto batainywa?"

Nilitoka nje. Nilikuwa nimeruhusiwa.