Nyoka wa Mchikichi wa Nyuma ya Jiko

Nimechoka kuulizwa kama yule nyoka bado yupo. Watu wakipita hapa kwangu Ujiji wananyoosha shingo kuutazama mchikichi wangu, utadhani kule juu kuna harusi.

Mimi nakula kwa mawese. Michikichi ninayo mitatu, lakini ulio nyuma ya jiko ndio unaozaa kweli. Msimu ule mikungu ilikuwa imeiva, chikichi zinadondoka zenyewe. Mkwezi wangu ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Akagonga shina kwa mgongo wa panga, akapiga hodi kama wakwezi wanavyofanya, akapanda na kamba yake. Hajakata kitu, huyo anashuka, kifua chote kimechunika.

"She-shemeji," sauti kama mbuzi kanyeshewa, "kuna nyoka wa kijani! M-mrefu!"

"Hodi yako kaitikia?"

"Sipandi tena. Kata mti huu."

Nikacheka. Nikate mti, nile nini?

Akaja jirani yangu, aliyekulia shamba kule Mwandiga, anaongelea puani: "Shoga, umemkaribisha mwenyewe. Nyoka wa juu hakai mti mtupu. Anataka makuti makavu ajifiche, anataka viota ale. Na tawi la mpera wako limelalia mchikichi, ndiyo barabara yake hiyo. Ile miwili ya uwanjani mbona hana habari nayo?"

Kweli tupu. Marehemu alivipenda vile vindege vya njano vinavyosuka viota. Akiamka, anakohoa, anaviambia: "Haya, wazee wa kelele, kumekucha." Alipokufa nikakataza kuti lenye kiota lisiguswe. Kumbe namlisha nyoka.

Nikamwambia shemeji, "Tawi la mpera nakata mimi. Makuti na viota utakata wewe, ila ngoja makinda yaruke."

Tukangoja. Mikungu miwili ikaozea juu, naiona.

Siku ya kupanda aligonga shina mpaka likachoka. "Hodi! Hodi!" Nikajibu kutoka jikoni kwa kisauti chembamba: "Karibuuu." Alinitukana yule, mpaka mama yangu kaburini kasikia. Lakini alipanda. Nyoka hakuwepo. Makuti yakaanguka na viota vyake.

Mawese nimepata. Vindege vimehamia kwa shoga yangu, na sasa yeye ndiye anayetazama juu.

Mimi asubuhi naamka, nakohoa kama marehemu. "Haya, wazee wa kelele."

Kimya. Nawasha moto.