Fundi Aliyeinyamazisha Kompyuta ya Kakuma

Habari za msiba siku hizi huingia kwenye simu, katikati ya tangazo la mkopo na picha za harusi ya mtu usiyemkumbuka. Hii nayo iliingia hivyo hivyo. Mfanyabiashara mmoja wa Kakuma, ambaye huniandikia mara moja kwa mwaka kuniuliza kama gazeti bado linanilipa, aliniarifu kwamba fundi amefariki, amezikwa Jumamosi, na waombolezaji walikuwa wengi kuliko viti. Hakusema fundi yupi. Kakuma ina mafundi wa viatu, wa pikipiki, wa majiko na wa simu, lakini kwangu mimi na kwa huyo mfanyabiashara, fundi ni mmoja. Alikuja nchini akikimbia vita kusini mwa Sudan, akawa anatengeneza masanduku ya bati na redio zilizoharibika, na hakupenda jina lake liandikwe mahali popote isipokuwa kwenye kadi ya chakula. Basi na mimi silitaji hapa.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba kabla ya kuanza kuwachosha na safu hii nilikuwa karani. Katikati ya miaka ya tisini nilitoka kwetu Lodwar nikaenda kambi ya wakimbizi ya Kakuma kuajiriwa katika ofisi ndogo iliyowatafutia watu jamaa zao waliopotezana vitani. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye paa la bati, na ndani yake tulikaa wanne: redio ya mawasiliano, kompyuta, bosi na mimi. Kompyuta ilitunza orodha ya majina. Redio ilitumika kuzungumza na vituo vya mbali, na mtu akionekana huko, jamaa yake wa Kakuma aliitwa aje asikie sauti yake kwa dakika chache. Kazi yangu ilikuwa kuchapa majina, kushika redio, na kutii karatasi ambazo bosi alizibandika ukutani. Bosi alikuwa mtu wa Nairobi, mpole, aliyeamini kwamba jambo lisiloandikwa kwa Kiingereza halijatokea.

Lazima niielezee kompyuta hiyo, maana vijana wa leo wanadhani kompyuta ni kitu kinachokaa mapajani bila kusema neno. Hii ilikuwa kasha la bati jembamba, la bei ya chini kabisa katika duka lililoliuza. Nyuma lilikuwa na feni ndogo iliyozunguka kwa kasi na hasira, na bati lote lilitetemeka pamoja nayo, na meza ikatetemeka pamoja na bati. Mtu akitaka kukuuliza saa ilibidi ainuke kwenye kiti aje kukupigia kelele sikioni. Kisha kulikuwa na vumbi. Upepo wa Kakuma ukivuma, vumbi huingia hata kwenye bahasha iliyofungwa. Mimi ni mtoto wa mwalimu wa Lodwar, na nyumbani kwetu kitu cha maana hakikuachwa wazi: redio ilikuwa na kitambaa, makochi yalikuwa na vitambaa, jagi la maji lilikuwa na kitambaa chenye shanga pembeni. Nikaifumia kompyuta kitambaa chake, cha uzi mzito, cheupe chenye maua ya rangi ya chungwa, kikaifunika kuanzia juu hadi mezani, mbele nimeacha nafasi ya swichi tu. Bosi alikisifu. Wiki hiyo hiyo kompyuta ikaanza kuzimika yenyewe ikifika saa sita mchana.

Hakuna aliyehusisha mambo hayo mawili. Tulilaumu jua. Mara ya pili ilipozimika ilipoteza orodha ya siku nne, na haikukubali kuwaka tena hadi jua liliposhuka. Bosi akaandika karatasi mpya, akaibandika juu ya meza yangu: kompyuta isizimwe kwa sababu yoyote ile saa za kazi, na atakayeizima atatafuta kazi kwingine. Hoja yake ilikuwa kwamba ikizimwa huenda isiwake. Nikaitii karatasi, na kwa kuwa nilitaka kuilinda mashine zaidi, nikaongeza kitambaa kingine chini ya kile cha kwanza.

Fundi alikuwa akimtafuta mdogo wake. Mara mbili alikuwa ameitwa ofisini, na mara zote mbili sauti ya upande wa pili ikawa ya mtu mwingine mwenye jina lile lile, maana majina kwenye orodha yangu yalijirudia kuliko ambavyo mtu angetamani. Kwa hiyo alikuwa ameandaa swali moja. Kabla hawajatawanyika, baba yao alimpa yule mdogo dume la ng'ombe, na rangi ya dume hilo na umbo la pembe zake vina jina katika lugha yao. Nani angejua jina hilo kama si mdogo wake mwenyewe? Alhamisi moja kituo kimoja cha kanisa, mbali sana ndani ya Sudan, kikaniambia kina kijana mwenye jina la mdogo wake. Nikamwita fundi. Akaja amevaa shati safi, akainamia redio, akauliza swali lake. Jibu likaja. Nililiona kwenye taa ya redio iliyowaka na kuzima, lakini sauti ilikuwa nyembamba na kompyuta ilikuwa inanguruma pembeni yake. Akabandika sikio kwenye spika akaomba jibu lirudiwe. Likarudiwa, na hakulisikia. Aliomba mara nne. Kisha muda wa kituo kile ukaisha, nacho kilifungua redio kila baada ya wiki mbili tu. Fundi akanyooka, akaniaga kwa salamu yetu ya Kiturkana, ejok, ambayo alikuwa amejifunza sokoni, akatoka. Niliumia sana siku ile. Niliumia nikiwa nimeketi.

Kesho yake alirudi bila shati safi. Bosi alikuwa kwenye mkutano Lokichoggio. Fundi aliisoma karatasi ya ukutani polepole, maana Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la tano, kisha akakaa sakafuni karibu na kompyuta kuanzia asubuhi hadi mchana akiisikiliza. Hakugusa kitu. Mwishowe akaweka kiganja chini ya vitambaa vyangu, akakitoa haraka.

“Dada,” akasema, “hii nguo yako ni mzuri sana. Lakini hii mashine inalala na blanketi mbili, na hapa ni Kakuma.”

Hakusema zaidi ya hapo kuhusu kitambaa, wala hakumwambia bosi, wala hakuniuliza kama mimi nimemwambia. Alinieleza tu anachotaka kufanya. Kelele na joto, alisema, ni ugonjwa mmoja. Feni ni ndogo kwa hiyo inakimbia, na inakimbia bure kwa sababu hewa haina pa kuingilia, na kule inakotokea kumezibwa na bati lenye vitundu vidogo kama vya chujio la chai. Alitaka feni kubwa inayozunguka polepole, tundu kubwa nyuma juu, na tundu lingine mbele chini. Feni ya namna hiyo, alisema, hukaa ndani ya mashine za kutoa nakala. Karatasi ya bosi ilikataza kuzima kompyuta saa za kazi. Haikutaja msumeno, wala haikutaja Jumamosi. Nikakubali.

Wikendi hiyo nilikwenda nyumbani Lodwar, na katika duka moja la vipuri nikapata mashine ya nakala iliyokufa. Mwenye duka, mzee mwenye heshima zake, alikataa kuniuzia feni peke yake kwa maelezo kwamba mashine bado ni nzima. Tukaifungua, tukakuta panya na familia yake. Akasema panya hawajagusa kitu cha muhimu. Tulibishana hadi mkewe alipotoka nyuma ya pazia na kuona nilichokuwa nimefungia mzigo wangu, nacho kilikuwa kile kitambaa chenye maua ya rangi ya chungwa. Nikaondoka Lodwar na feni, na sidhani kama redio ya nyumba ile iliwahi kushika vumbi tena.

Jumamosi iliyofuata fundi alifika na kila kitu tayari. Stika ya muuzaji, iliyosema kasha likifunguliwa dhamana imekwisha, aliibandua kwa mvuke wa sufuria ya chai, na jioni akairudisha ikakaa sawa kuliko mwanzo. Alitoa vitu vyote vya ndani akavipanga juu ya shuka, akachora kwa mkaa sakafuni mahali pa kila skrubu, kisha akalibeba kasha tupu nje ili unga wa chuma usiingie penye umeme. Alikata matundu mawili. Lile la mbele aliliwekea fremu ya bati la kopo la mafuta ya msaada, akalitandazia kipande cha chandarua cha kuzuia vumbi, akaniamuru nikifue kila Ijumaa. Feni ya nakala aliifunga nyuma kwa vipande vya raba ya akala, viatu vya matairi, ili isigusane na bati, akaiunganisha kwenye waya wenye umeme mdogo ili izunguke bila haraka. Ndani ya kuta za kasha alibandika mpira wa tyubu ya baiskeli, na chini akaweka miguu ya akala vile vile. Jumapili alasiri aliniomba niwashe. Nikabonyeza, nikasubiri, nikamwambia haijawaka. Akanionyesha kioo, na kwenye kioo orodha ilikuwa inafunguka.

Jumatatu bosi aliingia, akaketi, akakohoa, akashtuka kusikia kikohozi chake mwenyewe. Akauliza kama mashine imekufa. Nikamwonyesha. Aliizunguka mara mbili, akaikagua stika, akaikuta nzima, akatulia. Saa sita ikafika na kompyuta ikaendelea, saa nane ikaendelea. Mwisho wa mwezi aliandika ripoti kwamba ofisi imebuni mbinu ya kupoza vifaa katika mazingira ya ukame, na baadaye wageni wakaja kutoka Nairobi kulipiga picha kasha letu. Fundi hakuwepo kwenye picha. Alikuwa amesimama foleni ya mgao.

Alhamisi ya wiki ile ile ya kwanza ilipofika, fundi alivaa shati lile safi. Nikaita kituo, kikaitika, kijana akaletwa. Fundi akauliza swali lake, na safari hii chumbani palisikika nzi kabla ya kusikika jibu. Likaja neno moja. Mimi sijui lugha yao, lakini nililisikia herufi kwa herufi. Fundi alilirudia taratibu, akaweka mikono yote miwili juu ya meza, akalia, na mimi nikalia naye, sioni sababu ya kuficha. Waliongea hadi muda ulipokwisha. Alipomaliza alinieleza kwamba ni mdogo wake, na kwamba mama yao alifia njiani. Alisema yote mawili kwa sauti ile ile, akaenda kushika nyuma ya kasha kuhakikisha hewa inayotoka si ya moto.

Kwa miaka mingi nimeisimulia hadithi hii katika shughuli za watu, nikiitumia kuonyesha kwamba wakimbizi si watu wa kupokea tu, na kwamba mashine zinazotengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi zinahitaji mtu wa kuzifundisha jua. Yote hayo ni kweli na watu hupiga makofi. Baadaye fundi alifungua duka la kompyuta Kakuma, na yeyote aliyempelekea kasha la bei rahisi alirudishiwa lenye feni kubwa ya taratibu na chandarua mbele. Nilipita kumsalimu mara ya mwisho nikiwa nimeshaanza kuandika gazetini. Tukiwa tunakunywa chai nikamwuliza jambo lililonichukua miaka kulifikiria: siku ile ya kwanza, alipokuwa ameinama kwenye spika akiomba mara nne, kwa nini hakuniambia niizime kompyuta? Dakika moja ingetosha.

“Ningekuambia zima, wewe ungezima,” alisema. “Halafu bosi anakufukuza. Halafu Alhamisi ingine nani anashika redio?”

Alilisema bila shaka yoyote, kwamba ningezima, akanijazia kikombe. Nilikuwa na mshahara, nilikuwa na karatasi ukutani, na nilikuwa na wadogo zangu wanaosoma kwa mshahara huo, na hadi leo, fundi akiwa kaburini, sijui kama ningezima. Yeye alifanya kazi wiki mbili, akaomba, akakata, akabandika, ili mimi nisilazimike kulijua hilo. Basi somo langu wiki hii ni fupi. Kabla ya kumsifu mtu kwa uvumilivu, tazama kama wewe si sehemu ya kile anachokivumilia. Swichi ya kompyuta ile ilikuwa mbele, kubwa, na mkono wangu ulikuwa unaifikia.