Shoti ya Bibi

Mchumba wangu alikuja kwetu Balangdalalu mara ya kwanza wakati wa kiangazi kikali, upepo na vumbi tupu. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, na mpya zaidi lilikuwa gari lake, mtumba kutoka Japani, viti vimevalishwa kava za manyoya ya nailoni. Kwao ni Tlawi, kwenye baridi, kwa hiyo alivaa na sweta. Jua lote lile la Hanang, na sweta!

Nyumbani neno la mwisho lilikuwa la bibi, mama yake baba. Akimkataa kijana, nimsahau. Alikuwa amekaa nje, bangili za shaba zimempanda mpaka karibu na kiwiko. Mchumba wangu akateleza kutoka kwenye kiti cha gari, akaruka chini, akaenda kuinama mbele yake na kunyoosha mkono.

"Shikamoo bibi."

Ta! Cheche ikaruka kutoka kidoleni kwake hadi kwenye bangili. Bibi akauvuta mkono, akautazama, akainuka na kuingia ndani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Siku zilizofuata hakulitaja jambo lile kabisa, nami nililia mpaka macho yakavimba.

Mchumba wangu akaenda kumuuliza dereva wa lori la mafuta kule mashamba ya ngano, Basotu. Dereva alicheka kwanza. Kisha akamweleza kwamba wakati wa ukavu nailoni ikisuguana na sweta, mwili unajaa umeme, kwa hiyo ashike chuma cha mlango kabla hajakanyaga chini. Lori lenyewe lilikuwa na mnyororo unaogusa ardhi ili umeme ushuke. Mchumba wangu hakutaka kubahatisha. Alirudi kwetu akiburuza mnyororo wa ng'ombe nyuma ya gari, mbwa wote wa kijiji wakimfukuza.

Akashuka ameung'ang'ania mlango.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Mikono ikakutana. Cheche haikuruka. Nikashusha pumzi.

Bibi akakunja uso. "Iko wapi?"

"Nini, bibi?"

"Ile ya siku ile. Nilijua nakufa, nikaenda kulala. Nimeamka, goti haliumi. Sasa nimewaita wenzangu."

Kweli, bibi kadhaa wa jirani walikuwa wamekaa ukutani, wamenyoosha miguu yao mibovu.

"Rudi ndani ya gari," bibi akasema. "Na huo mnyororo utoe."

Niliufungua mwenyewe huku nacheka. Mchumba wangu akajisugua kwenye kiti kama ng'ombe mwenye kupe, gari zima likitikisika, kisha akaruka nje bila kugusa chuma. Bibi akaninyakua mkono kwa wake wa kushoto, na wa kulia akautanguliza na bangili zake.

Ta!

Alicheka mpaka akajifuta machozi, asiniachie mkono. Halafu akamgeukia baba.

"Baba wa huyu kijana aje tuongee. Ila waje na gari hili hili."

Nilikuwa na furaha ya kuruka. Nikatafuta mtu wa kumkumbatia, lakini mchumba wangu alikuwa amesharudi kwenye kiti kujisugua, na wale bibi walikuwa wamepanga foleni.