Jumatatu ya Matawi

Mama wa mapokezi kwenye kituo chetu cha macho, hapa Murara, alikuwa akiandika miadi kwa siku za kanisa. Mgonjwa huyu aje "mardi ya Pasaka", yaani Jumanne, yule "lundi ya Matawi", Jumatatu inayofuata Jumapili ya Matawi. Nilipolalamika, alinijibu bila hata kunitazama: "Papa, mugonjwa anajua Matawi ni lini. Tarehe anaisahau." Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Kompyuta haiendi misa. Aliyenitangulia kwenye kazi hii ya kutunza kompyuta za kituo aliacha sehemu ya tarehe ipokee maandishi yoyote, hata sala ungeweza kuiandika humo. Nilimwomba mkurugenzi ruhusa ya kuibadilisha ikubali tarehe tu. "Kama inatembea, tusiiguse," akasema. Basi kila asubuhi amri niliyoiandikia kompyuta iligeuza maandishi yale kuwa tarehe: siku, mwezi, mwaka. Iliposhindwa kuyasoma iliacha nafasi tupu, na mwenye nafasi tupu hakutokea kwenye orodha ya leo. Jioni nilizisaka nafasi hizo nikazijaza kwa mkono, huku nikinung'unika peke yangu. Lakini Jumamosi mimi sifanyi kazi. Mama wa mapokezi anafanya.

Jumatatu hiyo daktari wa upasuaji alikuwa amekuja kwa siku moja tu. Alasiri bibi mmoja wa Ndosho alisimama kwenye dirisha langu, ameshika ukuta. Mlinzi alikuwa amemzuia getini tangu asubuhi, kwa sababu jina lake halikuwemo kwenye orodha.

"Waliniambia lundi ya Matawi," alisema. "Leo si ndiyo?"

Ilikuwa ndiyo. Nilimtafuta kwa jina nikamkuta: miadi yake iliandikwa Jumamosi, mimi sipo, kwa maneno hayohayo.

Nilikimbia hadi chumba cha upasuaji. Daktari alikuwa ameshavua glavu, vifaa vimefungwa, gari linamngoja limvushe mpaka kabla haujafungwa. Atarudi mwezi wa kumi, alisema, na kweli alionekana kusikitika. Hasira ilinipanda, nikakosa hata wa kumfokea.

Nilirudi nikamweleza bibi. Alinisikiliza hadi mwisho. Presha ya macho ilikuwa imeshaua jicho lake la kushoto. Alikuja kuokoa la kulia.

"Octobre," alisema, akausogeza uso wake karibu sana na wangu ili anione. "Na hii jicho, mutoto wangu, mashine yenu imeiambia ingojee?"